Kaunta Buku ya Kashata

Wazazi wenzangu, makocha, na wakubwa wote, shikamooni. Mnajua nitasema nini, na bado nakisema: watoto wa timu wachangishe fedha ya safari wenyewe, na waihesabu wenyewe. Fedha ya jezi na nauli ikikusanywa kwenye grupu la WhatsApp, wazazi wakarushiana kwa simu, mtoto akaja kukabidhiwa jezi siku ya safari, hapo mtoto hakuchangisha kitu. Na ukimtuma na bahasha apite madukani, jioni ukaipokea bila kuifungua mbele yake, umemfundisha kuomba tu. Nimewaona watoto wakizunguka na bahasha mwezi mzima. Siku ya mashindano ikafika, basi halikuja, na hakuna mtu mzima aliyewapa maelezo. Leo wale ni watu wazima, na ukiwatajia mchango wanageuza uso.

Sasa nirudie ya kashata. Mliokwisha kuyasikia, nivumilieni.

Watoto wetu wa chini ya miaka 12 hapa Tanga walialikwa bonanza Korogwe. Kukodi Coaster ilikuwa shilingi 210,000. Wakauza kashata Jumamosi tisa. Fedha ya nazi na sukari ilitolewa kwanza, inayobaki ikaingia kwenye kibubu cha mbao, na binti wa miaka 11 akaandika kila kitu kwenye kaunta buku. Siku ya kuvunja tulikipasua kwa patasi sakafuni, wote wamekaa duara. Sarafu zilikuwa zinanata sukari. Wakazipanga mafungu ya elfu moja moja, zikafika 164,600. Binti akafunua daftari, akaweka kidole: "Hapa inatakiwa 171,000."

Kimya.

Nilikuwa na noti mfukoni. Ningeitoa, mambo yangeisha, na somo lingeisha nalo. Nikanyamaza. Mvulana mmoja akainua mkono: alitoa kashata 25 kwa mali kauli, yaani walipe baadaye, pale gereji, na saba kwa mzee mmoja wa mtaani. Kashata moja ni 200. Pigeni hesabu wenyewe, ni 6,400 kamili. Mafundi walilipa kesho yake. Mzee akawa mkali: "Nyie watoto mnanidai mimi?" Jioni tatu mfululizo binti na yule mvulana walisimama barazani kwake. "Shikamoo babu. Tumekuja kwa ile ya kashata." "Marahaba." Wananyamaza, wanangoja. Siku ya tatu akatoa 1,400. Wangapi kati yetu hapa tunaweza kumdai mkubwa bila kumvunjia adabu, na bila kuogopa tukaacha? Zile 39,000 zilizopungua tulichanga wazazi, na binti akatuandika kwenye daftari lile lile, jina na kiasi.

Najua kuna anayesema moyoni, hii ni ajira ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa kuajiriwa kuwa miaka 14, na naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini hapa mwajiri ni nani? Ni saa mbili za Jumamosi, wawili wawili, mwisho alasiri, na fedha ni yao. Mtoto anayekosa shule ili auze karanga stendi, huyo tumpiganie. Tusiwachanganye.

Na si lazima iwe kuuza. Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilianza mwaka 1987, na huko timu ikisafisha mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Mwaka 2008 Mathare United, timu iliyotoka humo, ikawa bingwa wa Kenya. Watoto wale walilipia mpira kwa reki na toroli.

Nilitaka kusema pia juu ya mtoto mwenye haya, asiyeweza kuuza. Kwa kifupi, mpeni daftari. Na wasichana wasipite barabarani baada ya magharibi, hilo halina mjadala. Mwenyekiti ananionyesha saa.

Watoto wako pale mlangoni na sinia. Binti wa kaunta buku yupo. Tafadhali, leo mali kauli hakuna.