"Tumbo Linaniuma": Mazungumzo na Kijana Ndani ya Zahanati

MWALIMU: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, na mwenzangu ni muuguzi mkunga aliyefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya hapa Tanzania kwa miaka mingi. Leo tunazungumza na watoa huduma kuhusu namna ya kuongea na vijana juu ya afya ya uzazi. Shikamoo, Sista.

SISTA: Marahaba, Mwalimu. Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Alikuja msichana wa kidato cha pili, amevaa sweta juu ya sare ilhali jua lilikuwa kali. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba sweta lile lilikuwa la kuficha nembo ya shule. Akasema tumbo linamuuma. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikamuuliza palepale mlangoni, mbele ya akina mama waliokuja kliniki: "Siku zako umeziona lini mara ya mwisho?" Mmoja wa akina mama wale alikuwa jirani yao. Binti aliinamisha macho, akasema tumbo limeacha kuuma, akaondoka.

MWALIMU: Lakini swali lenyewe ni sahihi.

SISTA: Swali ni sahihi kabisa, na kila mkunga angeliuliza. Mahali nilipoliulizia ndipo palipomfukuza. Tangu siku ile naamini kwamba kijana huanza kutupima kabla hatujampima yeye: anasikiliza tunavyomjibu aliyemtangulia, anaangalia kama mlango unafungwa, anatazama kalamu iliyo mkononi. Akisema "tumbo linaniuma" au "kichwa kinaniuma", mara nyingi anabisha hodi tu. Jambo lenyewe hulitoa mwishoni, akiwa ameshasimama na kushika kitasa, na mtoa huduma ambaye tayari amemwita mwingine hulikosa.

MWALIMU: Nami naliona hilo shuleni. Darasani hawaulizi, ila kwenye sanduku la maswali zinajaa karatasi zilizokunjwa hadi zinakuwa ndogo kama punje. Swali linalorudi kila mwaka ni la siku salama: mwanafunzi amesikia kwamba akihesabu siku kwenye kalenda hawezi kushika mimba.

SISTA: Hapo ndipo maelezo ya kitaalamu yanapohitajika, na yatolewe kwa lugha ya kawaida. Katika miaka michache ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mzunguko wa msichana haujatulia. Unaweza kuwa wa siku 21 mwezi huu na siku 45 mwezi mwingine, na bado ukawa wa kawaida kwa umri wake. Yai halitoki kwa tarehe aliyoisoma kwenye daftari la rafiki yake. Ukimwambia hivyo kwa utulivu, huku ukimchorea kwenye karatasi, atakuuliza na la pili na la tatu.

MWALIMU: Tuzungumzie maneno, kwa sababu naona ndiyo yanayotushinda. Mtoto wa Kitanzania hukua akisikia kwamba tendo la ndoa linaitwa "tabia mbaya", au "matusi".

SISTA: Suala hilo linaniumiza sana, Mwalimu. Mtoto aliyefundishwa kwamba jambo lile huitwa tabia mbaya, akibakwa, anakuja kwako akisema "nimefanya tabia mbaya". Neno limekwisha kumhukumu kabla hajakaa kwenye kiti. Nilimsikia mtoto wa miaka kumi na miwili akisema hivyo, na kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba yeye hakufanya kitu chochote, bali alifanyiwa. Nililirudia mara tatu kabla hajaniangalia. Kwa hiyo mimi hutumia uke, uume, kujamiiana, bila kunong'ona na bila kucheka, nikianza na neno alilokuja nalo yeye ili ajue nimemwelewa. Vilevile siulizi "Umeshaanza mambo ya kikubwa?" kwa sababu jibu lake tayari limo ndani ya swali. Husema: "Wasichana wengi wa umri wako huniuliza kuhusu wapenzi na kuhusu mimba. Kwako wewe hali ikoje?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuchoma sindano.

MWALIMU: Zamani kulikuwa na somo, au kungwi, mwanamke aliyemfunda mwali, na mzazi alijua kwamba hayo si ya kuyasema yeye. Je, mkunga anaweza kuchukua nafasi ile?

SISTA: Achukue imani waliyokuwa nayo, na faragha yao, lakini asichukue mafundisho yote, kwa maana mengi yalimwandaa mwali kumpokea mume na hayakumwandaa kusema hapana. Imani hiyo nayo haiji kwa kusema "niamini". Mimi huweka mipaka mapema: "Tutakayozungumza humu hayatoki, isipokuwa nikiona uko hatarini au kuna mtu anayekuumiza. Hapo nitawahitaji wengine, lakini nitakuambia wewe kwanza." Usimwahidi siri isiyo na mwisho, kwa sababu siku utakapolazimika kuivunja hatarudi tena. Na aliyebakwa hana muda wa kungoja: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliofanyiwa ukatili mahali pamoja, vipo kwa ajili hiyo, na simu ya msaada kwa watoto ni 116.

MWALIMU: Na mzazi aliyeongozana naye, anayejibu kila swali kabla ya mtoto?

SISTA: Simfukuzi. Namwambia, "Mama, utaratibu wangu kwa vijana wote ni kuonana nao kwanza pamoja na mzazi, halafu dakika chache peke yao." Likishakuwa la wote, hakuna anayeshukiwa. Isitoshe, marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kuridhia kipimo cha VVU kutoka miaka 18 hadi 15, hivyo kijana wa kidato cha tatu anaweza kupima kwa ridhaa yake mwenyewe, na wengi wao hawajui.

MWALIMU: Kuna habari nyingine wasiyoijua. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Wengi bado wanadhani shule imeishia hapo, ilhali tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu warudi shuleni baada ya kujifungua.

SISTA: Basi mkunga awe wa kwanza kumwambia hilo. Kipimo kikionyesha mimba, usiseme hongera wala usiseme pole. Hujui bado ni ipi kati ya hizo. Mweleze matokeo, kaa kimya kidogo, kisha uliza, "Ungependa nani awe wa kwanza kujua?" Jibu lake litakueleza kama nyumbani kuna usalama. Ndipo umweleze kuhusu kliniki, na kwa nini mwili mdogo unahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi, hasa kwa sababu ya kifafa cha mimba.

MWALIMU: Wavulana tumewasahau.

SISTA: Ni kweli, nao hawaji. Ila mikoa kama Iringa na Njombe, tohara imewaleta vijana wengi sana kliniki. Kijana anayerudi kuangaliwa kidonda anaweza kuulizwa kuhusu ndoto nyevu na kondomu wakati bandeji inafunguliwa, maana macho yake yako kwingine na mdomo unalegea.

MWALIMU: Na zahanati yenye chumba kimoja, benchi likiwa limebana mlango, ifanyeje?

SISTA: Sisi tuliwatengea vijana saa tisa alasiri, akina mama wakiwa wameshaondoka. Na benchi tulilihamishia chini ya mwembe, kama hatua ishirini kutoka mlangoni. Tulilibeba watu wawili, kwa dakika tano.