Biki Imevuja Mfukoni

REHEMA: Karibuni tena. Leo Musa kaja na shati kwenye mfuko wa plastiki, anaona haya kulitoa.

MUSA: Usicheke basi, dada. Shati jeupe la kazini. Biki imevuja mfukoni nikiwa kwenye daladala, na joto lile! Nimefika nyumbani nina doa kama chungwa.

REHEMA: Ukafanyaje?

MUSA: Kama tulivyolelewa. Maji ya moto, sabuni ya unga, nikafikicha.

REHEMA: Chungwa likawa fenesi.

MUSA: Likawa fenesi! Asubuhi nikaona kama limefifia, nikapiga pasi.

REHEMA: Na pasi juu! Joto linalishikisha doa kwenye uzi. Halafu wino wa biki si wa maji, kaka. Ni rangi iliyochanganywa kwenye kimiminika kizito chenye asili ya mafuta. Maji peke yake hayauwezi. Kinachouyeyusha ni alkoholi: spiriti ya duka la dawa, au hata sanitaiza.

MUSA: Kwa hiyo namwagia tu?

REHEMA: Hapana! Wino ukiyeyuka unatafuta pa kwenda, usipouonyesha njia utahamia mgongoni mwa shati. Kwanza jaribu spiriti kidogo kwenye pindo, uone kama nguo haichuji. Kisha tandika kitambaa cheupe kikuukuu, laza shati doa likiangalia chini. Chovya pamba, gongagonga kwa nyuma, toka ukingoni uje katikati. Inua utazame kile kitambaa. Biki nyingi za bluu zinakuachia bluu huku na zambarau kule, kumbe zilikuwa rangi mbili. Sogeza sehemu safi, rudia, mpaka kitambaa kisipokee kitu. Sabuni na maji baridi vinakuja mwisho.

MUSA: Mimi nilishaishika jiki.

REHEMA: Iache. Shati la polista linaweza kugeuka manjano. Na tusikilizane vizuri hapa: jiki usiichanganye na spiriti, wala limau, wala siki. Inatoa mvuke wenye sumu, na mabafu yetu haya hayana hata dirisha.

MUSA: Mbona bibi alikuwa anatumia limau na chumvi, anaanika juani, na doa linatoka?

REHEMA: Bibi hakukosea. Wino mwingi wa kuchovya wa zamani ulikuwa na chuma ndani yake, na ukali wa limau unakitoa chuma kama unavyotoa kutu. Biki haina chuma hicho. Limau lako utalipoteza bure.

MUSA: Na ukutani? Kwangu kuna msanii wa miaka mitatu.

REHEMA: Ukuta wa rangi ya mafuta, futa kwa spiriti kidogo, polepole. Wa rangi ya maji utaubandua. Na ukipaka rangi ya maji juu ya wino, baada ya siku chache unakuchungulia tena. Paka kwanza praima ya mafuta.

MUSA: Ubao mweupe ulioandikwa kwa maka isiyofutika?

REHEMA: Pitisha maka ya ubao juu yake, futa ikiwa bado mbichi. Vinatoka vyote.

MUSA: Karatasi sasa. Huyo msanii kachora kwenye cheti changu.

REHEMA: Usikiguse. Kwenye karatasi spiriti inatawanya wino, jiki inakula karatasi yenyewe. Na cheti kilichofutwafutwa, nani ataamini hukughushi? Kaombe nakala nyingine.

MUSA: Haya, nipe hukumu ya shati.

REHEMA: Lilete kwenye mwanga. Mmh. Spiriti itapunguza, ila pasi imeshafanya yake. Mpelekee fundi abandue mfuko, aweke mpya.

MUSA: Na hili la ubavuni?

REHEMA: Koti unalo?

MUSA: Dar hii, mwezi wa pili?