Ramani Haikuanza na Beck

Kila nikialikwa kuzungumzia ramani za reli za chini ya ardhi za London, sijakaa sawa mtu keshaniuliza habari za Harry Beck, yule aliyechora ramani ya mistari iliyonyooka. Beck, Beck, Beck! Leo atasubiri. Tunaanza na mwaka 1908.

Itazameni ramani hii ya mwaka huo, hapa ukutani. Kabla yake kila kampuni ya reli ilikuwa ikijichorea ramani, njia yake nene kama kamba ya nanga, ya mpinzani uzi tu, kama imechorwa kabisa. Abiria hawakutosha, mifuko ikauma, ndipo wakakubaliana kutumia jina moja, UNDERGROUND, na kugawa ramani moja bure. Njia nane, kila moja na rangi yake. Sogeeni: kahawia ni Bakerloo, kijani ni District, na rangi hizo zipo mpaka leo. Piccadilly ilikuwa njano! Kwangu mimi kazi kubwa ilifanyika hapo, na haikufanywa kwa kalamu. Ilifanywa na wafanyabiashara waliokuwa wakinyang'anyana abiria.

Mtaniambia, "Mwalimu, mbona haisomeki?" Kweli, haisomeki. Imelazwa juu ya mitaa ya mji, kwa hiyo katikati stesheni zimebanana kama dagaa kwenye fungu, na pembeni karatasi imekwisha kabla ya reli. Ncha za District na Metropolitan zimekatwa. Anayekaa huko mwisho kapewa ramani isiyo na kwao!

Na dawa yake haikuanza na huyo Beck wenu. Mchoraji MacDonald Gill, mwaka 1920, alifuta mitaa, akafuta hata mto Thames. Kuanzia 1925 mchoraji mwingine, Stingemore, akazivuta ncha za njia ndani, zikaenea kwenye kadi ya mfukoni. Yake ni marefu, nayaruka, maana naona mwenyekiti anatazama saa.

Haya, Beck. Mchoraji wa idara ya ishara za reli, akanyoosha kila kitu: wima, mlalo, au mshazari wa digrii 45. Mwaka 1931 wakubwa wa reli walimkatalia ramani yake, Januari 1933 wakaichapa. Mto aliubakiza, maana bila Thames mtu hajui yuko ng'ambo ipi. Umbali ndio aliouua. Kwenye mchoro wa namna yake, Covent Garden na Leicester Square zimeachana kama stesheni nyingine yoyote ya katikati ya mji. Kwa miguu ni kama mita 260.

Mimi nilipanda treni. Na masanduku mawili.