Gesi Tele, Nyota Haba

Naona mmeshaanza kunong'onezana habari za shimo jeusi lililo katikati ya galaksi yetu. Tulimalize kwanza. Uzito wake ni kama wa majua milioni 4, kweli, lakini gesi ya kitovuni niliyokuja kuisemea, ile isiyozaa nyota inavyopaswa, inazunguka mbali nalo, miaka-nuru 300 hivi, na gesi hiyo peke yake ni makumi ya mamilioni ya majua. Huko shimo halitawali. Tuendelee.

Wajuao buruji, kitovu cha galaksi kiko upande wa Kausi, kiasi cha miaka-nuru 26,000. Msimu wa kusi hupita juu sana katika anga la Mombasa, upande wa kusini. Wazungu wa kaskazini hukiona kwa shida kwenye upeo. Sisi tumepewa bure, hatutazami.

Sasa Tofali. Nimelisema kila mahali na leo nalisema tena. Ndilo jina walilolipa wataalamu: wingu jeusi tititi katika picha za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), gesi ya majua zaidi ya 100,000, imebanana barabara. Hesabu za kawaida zinasema gesi ikibanana hivyo, uvutano unaikunja na nyota zinazaliwa. Haya, ziko wapi? Dalili chache mno. Wala si Tofali peke yake: eneo zima la kitovu huzaa kama sehemu moja ya kumi ya nyota zinazotarajiwa.

"Maalim, labda gesi haijatosha." Nimesema ni tele! Kinachokosekana ni utulivu. Nenda kivukoni Likoni jioni watu wakirudi kazini: wamejaa, wamebanana, lakini nani atapata nafasi ya kuketi? Kila mtu anasukumwa. Gesi ile huzunguka kwa takriban kilomita 100 kwa sekunde, na ya ndani haiendi sawa na ya nje, basi wingu linavutwa huku na huku, linasokotwa. Ndani yake mna vurugu zinazopita kasi ya sauti mara nyingi. Tena lina joto kuliko kawaida: kelvini 50 na zaidi (kwetu bado ni baridi kali, kama nyuzi 220 chini ya sifuri), ilhali mawingu ya mitaa yetu ni 10 hadi 20. Bado sumaku sijaitaja.

Na wewe unayetikisa kichwa, unataka kujua kasi tumeipimaje. Molekuli za amonia na monoksidi ya kaboni hutoa mawimbi ya redio. Gesi ikija kwetu, wimbi hufupika. Ikienda zake, hurefuka. Hapana uchawi hapo.

Umbo la mpangilio wa mawingu haya ya kitovuni nalipitia mbio, naonyeshwa saa. Tunayatazama ubavuni, kwa hiyo ugomvi haukwishi. Mwaka 2011 darubini ya angani Herschel ilileta pete iliyojipinda. Mwaka 2015 wengine wakasema ni mkondo usiojifunga. Wako na wanaosema ni mikono miwili. Mimi niko na wa mkondo. Sagittarius B2, wingu jingine, imo humo humo na inazaa nyota kwa fujo. Kwa nini yenyewe na si Tofali? Nipeni siku nyingine.

Ile picha ya kitovu ukutani ni ya MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, 2022. Mnaipenda kwa zile nyuzi zake. Nyuzi hizo ni elektroni zinazokimbia kwenye sumaku. Gesi yangu baridi msiitafute humo. Haya, maswali.