Mto Lena: Kichwa Kimefunguka, Mdomo Umefungwa

Ndugu wasikilizaji, twendeni Siberia ya mashariki, kwenye milima iliyo kando ya Ziwa Baikal. Kilomita chache tu kutoka ziwani kinachipuka kijito. Ungetegemea kiteremke kiingie ziwani. Hakiingii. Kinashika njia ya kaskazini, kinapokea Vitim, Olyokma, Aldan na Vilyuy, na baada ya kilomita 4,300 hivi kinamwagika Bahari ya Laptev kikiwa miongoni mwa mito mikubwa ya dunia. Huo ndio Lena.

Naomba mlishike hili: Lena hutoka penye baridi ukaelekea penye baridi kali zaidi. Kusini, barafu huanza kukatika mwishoni mwa Aprili. Kule kwenye delta mto hubaki umefungwa mpaka Juni. Sasa maji yaende wapi? Yanasukuma mapande ya barafu. Mapande yanapandana penye kona na visiwa, yanakwama, yanakuwa ukuta, na mto unajaa kurudi nyuma. Mei 2001 mji wa Lensk ulizama kwa namna hiyo. Maji yalipanda karibu mita 20, na ndege za kivita zikatumwa kupiga barafu mabomu ili mto upate njia. Mabomu, jamani, ya kuufungua mto!

Ardhi nayo haisaidii. Mjini Yakutsk, mwaka 1828, mfanyabiashara Fyodor Shergin alianza kuchimbisha kisima. Kazi iliendelea mpaka 1837, wakafika mita 116, na bado walikuwa wanapasua udongo ulioganda. Maji hawakuyaona. Juu ya ardhi kama hiyo, theluji ikiyeyuka haina pa kunywea. Yote hukimbilia mtoni kwa mkupuo. Ndiyo maana Lena hufura mno mwezi Juni, na wakati wa baridi maji yanayopita chini ya barafu ni machache.

Yakutsk ina watu zaidi ya 300,000, na daraja la kuvuka Lena halijakamilika. Kiangazi watu huvuka kwa pantoni. Baridi ikikolea, malori hupita juu ya mto wenyewe, barabara ikiwa ni barafu tupu. Yanayonigusa mimi ni yale majuma ya katikati, mto unapoanza kuganda na unapokatika: barafu haibebi lori na haipishi pantoni, na sokoni bei za mboga zinapanda.