Futi Peke Yake Hazitoshi: Mafunzo ya Kuruka Chini

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Nianze na asubuhi ya tarehe 31 Julai 2019. Ndege ya kivita aina ya F/A-18E Super Hornet ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, kutoka kituo cha Lemoore, California, iliingia katika korongo la Rainbow Canyon, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Death Valley. Yalikuwa mazoezi ya kuruka chini, ambayo marubani waliyafanya hapo kwa miaka mingi. Ndege iligonga ukuta wa korongo, karibu na ukingo wake wa juu. Rubani alifariki. Watalii saba waliokuwa wamesimama pale juu walijeruhiwa.

Sikuja kumhukumu marehemu. Uchunguzi wa jeshi ulieleza kuwa kasi yake ilizidi ile ambayo korongo lingeweza kuistahimili, na kwamba yaelekea alichelewa kutambua kuwa kwa kasi hiyo ndege isingeweza kukata kona. Naomba tukae hapa kidogo. Kama ndege inapinda kwa nguvu ileile, ongezeko la kasi la asilimia 10 tu hupanua mduara wa kona kwa asilimia 21. Korongo lenyewe halipanuki. Kwa hiyo rubani anaweza kuwa macho kabisa, injini zikiwa nzima na anga nyeupe, na bado akawa ameshachelewa hata kabla hajaiona hatari.

Habari ya ajali kama hii ikitufikia, swali la kwanza huwa: alikuwa futi ngapi? Mimi huuliza: alibakiwa na sekunde ngapi? Tufanye hesabu pamoja. Nchini Uingereza, ndege za kivita huruhusiwa kwa kawaida kushuka hadi futi 250 katika mafunzo, yaani kama mita 76. Kwa kasi ya kilomita 830 kwa saa, ndege inakwenda mita 230 kila sekunde. Pua ikiinama nyuzi 3 tu, itafika ardhini baada ya sekunde 6 hivi. Nyuzi 5, hazifiki hata sekunde 4. Katika muda huo rubani anaangalia ardhi, anamtafuta mwenzake, anasikiliza redio, anasoma vipimo. Akiwa kwenye kona kali na akailaza ndege kupita kiasi, pua huanza kushuka polepole, na macho yaliyoelekea kwingine hayaoni. Kiti cha kujiokolea, kinachomrusha rubani nje ya ndege, nacho hakina miujiza: ndege iliyolala upande huku inaporomoka humnyima rubani nafasi ya kukitumia.

Basi kwa nini wafundishwe hivi? Kwa sababu milima na mviringo wa dunia huficha ndege isionwe na rada. Ni kweli, katika vita vya Ghuba vya 1991 Waingereza walianza kwa kushambulia viwanja vya ndege wakiwa chini sana na ndege zao za kivita za Tornado, wakapoteza ndege, kisha wakapanda juu. Wapo waliodhani enzi hiyo imekwisha. Vita vya Ukraine vimeonyesha kinyume: pande zote mbili zimerusha ndege karibu na vilele vya miti kukwepa makombora. Ujuzi huu bado unahitajika, na siungi mkono wanaotaka ufutwe.

Ninachokipinga ni kanuni inayotaja mwinuko na kunyamaza kuhusu mengine. Hata mwinuko wenyewe hupuuzwa. Tarehe 3 Februari 1998, ndege ya EA-6B Prowler ya Marekani ilikata waya wa gari la angani, lile linaloning'inia kwenye waya na kubeba abiria, huko Cavalese, Italia. Watu 20 waliokuwa ndani ya gari hilo walikufa wote. Kiwango cha chini kilichowekwa kilikuwa futi 2,000. Waya ulikatwa kwenye futi 360 hivi. Ramani ya Kimarekani waliyokuwa nayo waliomo ndegeni haikuonyesha waya huo. Mwaka 1999 mahakama ya kijeshi ilimwondolea rubani shtaka la kuua bila kukusudia, na uchungu wa Waitalia kwa uamuzi ule naulewa.

Kwa hiyo kila njia ya mazoezi iwe na kikomo cha kasi kwa kila kona, na ramani zinazoonyesha waya zote. Tena kuna mtambo unaoitwa Auto GCAS, uliowekwa katika ndege za kivita za F-16 za Marekani kuanzia 2014. Unalinganisha mwelekeo wa ndege na ramani ya ardhi, na dakika ya mwisho unashika usukani na kuinua ndege wenyewe. Mwaka 2016 ilitolewa video ya mwanafunzi aliyepoteza fahamu angani huko Arizona, mtambo ukamwokoa. Jeshi linaloagiza ndege mpya za kuruka chini bila kinga ya namna hii linapaswa kuulizwa sababu, na liulizwe hadharani, kabla ya ajali.

Sasa nakaribisha maswali, na marubani waliomo humu watangulie.