Panga deki ya Yu-Gi-Oh! isiyokuangusha kwenye kadi 5 za kwanza

Habari za saa hizi, ndugu watazamaji, karibuni sana. Leo tunapanga deki, yaani fungu la kadi za kuchezea, ya mchezo wa kadi wa Yu-Gi-Oh! hatua kwa hatua, na tunaijenga kwa lile joka ambalo wengi mlilipenda tangu enzi za katuni: Blue-Eyes White Dragon. Tukimaliza, nataka uwe na deki ambayo ukiichanga na kuvuta mara 10, walau mara 8 inakupa kitu cha kuanzia. Andaa kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Kama unacheza Master Duel kwenye simu, ile programu ya bure ya mchezo huu iliyotoka Januari 2022, au una kadi za karatasi mkononi, hesabu ni zile zile.

Sheria kwa haraka, kwa mgeni. Deki kuu ina kadi 40 hadi 60. Kadi yenye jina moja hairuhusiwi kuzidi nakala 3. Pembeni kuna Extra Deck, fungu la monsta maalum wasiovutwa mkononi, mwisho kadi 15. Kila mchezaji anaanza na uhai wa 8000 na kadi 5 mkononi, na anayeanza havuti kadi zamu yake ya kwanza. Shika hilo la mwisho: ukianza wewe, kadi 5 ndizo zote ulizonazo.

Hatua ya kwanza: weka kadi 40, usiongeze. Najua inauma kuacha kadi nzuri nje, lakini tazama hapa kwenye skrini. Kadi uliyoweka nakala 3 katika deki ya 40 utaiona kwenye mkono wa kwanza kwa asilimia 33.8. Ipeleke kwenye deki ya 60, inashuka hadi asilimia 23.3. Kadi ni ile ile, nakala ni zile zile, ila umeizika. Zipo deki chache zenye sababu ya kuzidi 40. Hii yetu haimo.

Tupige hesabu yenyewe, maana ukiijua hutahitaji kumuuliza mtu tena. Unatafuta uwezekano wa kuikosa kadi, kisha unautoa kwenye moja. Kadi 3 kati ya 40 maana yake kadi 37 siyo unayoitaka. Andika: 37 gawanya kwa 40, mara 36 gawanya kwa 39, mara 35 gawanya kwa 38, mara 34 gawanya kwa 37, mara 33 gawanya kwa 36. Jibu ni 0.662. Huo ndio uwezekano wa kuikosa. Moja toa hiyo, unapata 0.338. Simamisha video kidogo, ifanye mwenyewe kwenye simu yako, kisha turudi.

Hatua ya pili: andika sentensi moja inayosema deki yako inataka kufanya nini zamu ya kwanza. Yangu ni hii: nataka joka moja uwanjani na jingine njiani. Kadi yoyote isiyosaidia sentensi hiyo, wala kumzuia mpinzani, inatoka.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe, na hapa tutakaa. Chukua kadi zako uzigawe mafungu manne kwa kazi zake. Fungu la kwanza ni vianzio: kadi ambayo ukiwa nayo peke yake, au pamoja na kadi yoyote ile, mchezo unaanza. La pili ni kadi za kuendeleza, zenye maana pale tu ulipokwisha kuanza. La tatu ni vizuizi vya kumkatiza mpinzani. La nne ni mizigo, kadi ambazo deki inazihitaji lakini hutaki kuziona mkononi.

Sasa, Blue-Eyes White Dragon yuko fungu gani? Yuko kwenye mizigo. Ni joka la leveli 8 lenye mashambulizi 3000, na kumwita kwa njia ya kawaida unatoa kafara monsta 2. Zamu ya kwanza hao monsta wawili utawatoa wapi? Mashabiki wengi hawapendi kusikia hivi, lakini joka unayempenda ni mzigo mpaka kadi nyingine imbebe. Ubingwa wa dunia wa mwaka 2016, uliofanyika Orlando, Marekani, ulichukuliwa na Shunsuke Hiyama wa Japani kwa deki ya Blue-Eyes. Joka lenyewe lilikuwa lile lile la miaka yote. Kilichokuwa kimebadilika ni kadi ndogondogo za kulitafuta na kulileta uwanjani.

Tuziangalie hizo kadi. The Melody of Awakening Dragon: unatupa kadi 1 ya mkononi, unachukua kutoka kwenye deki hadi majoka 2 yenye mashambulizi kuanzia 3000 na ulinzi usiozidi 2500. Tazama mkono huu hapa mezani. Ninatupa The White Stone of Ancients, ninachukua Blue-Eyes White Dragon na Blue-Eyes Alternative White Dragon. Namwonyesha mpinzani Blue-Eyes aliye mkononi, na Alternative anashuka uwanjani papo hapo, mashambulizi 3000, bila kafara. Zamu inapoisha, lile jiwe nililolitupa linaamka kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika, na kuleta Blue-Eyes mwingine kutoka kwenye deki. Kadi mbili tu zimefanya yote hayo. Hiki ndicho kianzio, na hata kile nilichotupa kimefanya kazi.

Kingine ni Sage with Eyes of Blue. Ukimwita kwa njia ya kawaida, anakuletea mkononi Tuner, aina fulani ya monsta, wa nuru wa leveli 1 kutoka kwenye deki. Anaweza kuleta lile jiwe, lakini pia anaweza kuleta Effect Veiler, ambaye ni kizuizi cha zamu ya mpinzani. Kadi inayokupa uhuru wa kuchagua kama hii, weka 3 bila kusita.

Tuhesabu. Melody 3 na Sage 3 ni vianzio 6. Ukiwa na 6 katika 40, unapata walau kimoja kwa asilimia 57.7. Haitoshi hata kidogo. Mara 4 kati ya 10 utakaa ukimtazama mpinzani akicheza. Panda hadi 9, inakuwa asilimia 74.2. Panda hadi 12, asilimia 85.1. Ukifika 15 ni 91.9, lakini ona, hizo 3 za mwisho zimekuongezea chini ya asilimia 7 na zimekula nafasi za vizuizi. Mimi naishia 12. Ukiwa wa pili kucheza unaona kadi 6, na vianzio 12 hapo vinapanda hadi asilimia 90.2.

Za kujazia hadi 12 zitafute kwa kusoma maandishi ya kadi yenyewe. Unatafuta kadi inayochukua kitu kutoka kwenye deki bila masharti mengi. Jihadhari na jambo moja: wito wa kawaida ni mmoja kwa zamu. Vianzio vyako vyote vikiutegemea huo, mkono wenye viwili hauna nguvu kuliko mkono wenye kimoja. Changanya vinavyotumia wito na vinavyotumia kadi za uchawi.

Nije kwenye mtego unaowanasa hata wachezaji wazuri: Trade-In. Unatupa monsta wa leveli 8, unavuta kadi 2. Inasikika kama dawa ya mizigo yetu. Lakini tuseme una majoka 6 ya leveli 8 kwenye deki, na Trade-In iko mkononi. Zile kadi 4 nyingine hazitakuwa na joka hata moja karibu nusu ya mara zote. Kwa hiyo nusu ya wakati, dawa nayo inakuwa mzigo. Ninaiweka kwenye fungu la kuendeleza, wala siihesabu kama kianzio, na wewe usijidanganye kwenye hesabu yako.

Vivyo hivyo na Blue-Eyes Chaos MAX Dragon, mwenye mashambulizi 4000. Anahitaji yeye mwenyewe na Chaos Form, kadi ya uchawi ya kumwita. Nakala 3 za kila moja zinakutana mkononi kwa asilimia 9.8 tu, na bado unadaiwa kafara. Ni kadi nzuri ya kutazama. Toa.

Hatua ya nne, vizuizi. Weka 10 hadi 12. Ash Blossom & Joyous Spring inakatiza kadi inayochukua kutoka kwenye deki, yaani inakatiza Melody na Sage wetu pia, na ndiyo maana Called by the Grave, inayozima monsta aliyetupwa kaburini kama huyo, inafaa kwenye deki hii. Kabla hujahesabu nakala, fungua orodha ya kadi zilizozuiwa ya mahali unapochezea, kwa sababu orodha ya Master Duel na ya kadi za karatasi hazifanani, na zote hubadilika. Mizigo isizidi 6 au 7, nafasi zinazobaki ni za kuendeleza.

Hatua ya tano, jaribu bila kutumia hata pointi moja ya kutengenezea kadi kwenye Master Duel. Kata vipande 40 vya karatasi vinavyolingana, kila kimoja na jina la kadi. Changa vizuri, vuta 5, andika: kuna kianzio, au hakuna? Kuna kizuizi? Mizigo mingapi? Rudisha, changa tena. Fanya mikono 30. Kama mikono zaidi ya 6 haikuwa na kianzio, usivunje deki yote. Angalia ni kadi gani ilijirudia katika ile mibovu, itoe hiyo moja, weka kianzio, anza mikono 30 mipya. Ukibadilisha kadi 5 kwa pamoja hutajua ipi ilikuponya.

Karatasi zikikuridhisha ndipo uende Master Duel kutengeneza. Kadi moja inagharimu pointi 30 za daraja lake la uadimu, na kuvunja kadi ya kawaida ya daraja hilo kunakurudishia 10, kwa hiyo kila kosa linakula kadi 3. Anza na vianzio. Kisha Ash Blossom na vizuizi vingine, maana hivyo utavihamishia kwenye deki yoyote utakayojenga baadaye. Majoka ya Extra Deck yaje mwisho, hata kama ndiyo yanayong'aa zaidi kwenye skrini.